Ndigana si moja: shajara ya slaidi za damu, Mwanza hadi Lamadi

12 Februari

Leo nimeanza rasmi. Nataka kutengeneza seti ya slaidi 40 za damu na tezi, zilizopakwa na kutiwa rangi vizuri, zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Zitakaa kwenye visanduku vya mbao na kupelekwa kwa mabwana mifugo wa kata ambao wana hadubini lakini hawana cha kulinganishia wanachokiona. Kila slaidi itabeba kidudu kimoja kinacholetwa na kupe kwa mnyama anayecheua: ng'ombe, mbuzi, kondoo, na nikijaliwa, nyati na swala.

Kilichonisukuma ni ndama mmoja wa Kisesa, mwezi Desemba. Alikuwa na homa, machozi yakimtoka, tezi za chini ya masikio zimevimba kama ndimu. Alichomwa OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria) siku nne mfululizo kwa sababu mwenye ndama aliambiwa "hiyo ni ndigana". Siku ya sita akafa, povu puani. Na ndigana ilikuwa kweli. Ila kwetu ndigana ziko mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ndigana baridi huletwa na Anaplasma marginale, bakteria anayekaa pembezoni mwa chembe nyekundu za damu, na OTC inamweza. Ndigana kali huletwa na Theileria parva, naye anatibiwa kwa buparvakuoni, dawa ambayo mfugaji akitajiwa bei hunyamaza kwanza. Ongeza ugonjwa wa kukojoa damu na maji moyo, unapata magonjwa manne yanayoanza na homa ileile, kwa ng'ombe yuleyule mwenye kupe wa kila aina mwilini.

Yule ndama alichomwa sindano nne, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Hilo limenikaa kifuani tangu Desemba.

19 Februari

Nimeharibu slaidi 12. Zote zimetoka buluu mno, kama nguo iliyozidishiwa nili. Nilikuwa nachanganya Giemsa, rangi ya kupakia slaidi, na maji ya bomba. Maji yetu ni ya ziwani na yana ualikali, wakati rangi hii inataka pH ya 7.2. Nimetengeneza bafa ya fosfeti, maji yanayoshikilia pH hiyo, na kurudia yote: methanoli dakika tatu, Giemsa ya asilimia 10 dakika 30, suuza, simamisha ikauke. Sasa chembe nyekundu zina uwaridi wake na viini vya chembe nyeupe ni zambarau.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu yatakwenda ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Chenga za rangi iliyoganda zinafanana sana na Anaplasma: kidoti cha mviringo, zambarau iliyokolea. Namna ya kuvitofautisha ni kuzungusha skrubu ndogo ya hadubini taratibu. Chenga hukaa juu ya chembe, kwa hiyo inaonekana wazi wakati chembe yenyewe imeshafifia. Anaplasma yuko ndani, huonekana na kufifia pamoja na chembe yake.

3 Machi

Misungwi, alfajiri, kwa mama mmoja mwenye ng'ombe watatu chotara na ndama wawili. Nilimkuta keshamaliza kukamua. "Mwangaluka, mama." Akaitikia huku kidole chake kikiwa ndani ya sikio la ndama.

Kila asubuhi anaingiza vidole masikioni mwa ndama wote, anang'oa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Nilimuuliza kama haogeshi. "Josho naliheshimu, daktari, lakini liko mbali. Vidole ninavyo kila siku."

Nilikaa naye karibu saa nzima, na nilitoka na heshima kubwa. Kupe anaowang'oa ni wale wa kahawia wa sikioni, Rhipicephalus appendiculatus, ndio wanaobeba ndigana kali. Kupe huyu hupanda wanyama watatu maishani: anakula akiwa mchanga, anaanguka na kujibadilisha ardhini, anapanda mnyama wa pili, anaanguka tena, akishakuwa mpevu anapanda wa tatu. Vidudu anavichukua kwa mnyama mmoja na kuvipeleka kwa anayefuata. Mayai yake hayarithi kitu, kupe akianguliwa kutoka kwenye yai anatoka safi. Na hapa ndipo vidole vya yule mama vinapofanya kazi: kupe mwenye vidudu akishajishika sikioni, inamchukua siku tatu hadi nne za kunyonya kabla vidudu havijakomaa kwenye tezi zake za mate. Anayemng'oa kila asubuhi anamwahi.

Nilipomweleza akauliza, "Kwa hiyo nikipitwa na siku mbili za msiba, bado nawahi?" Nikamjibu anawahi, ila asizoee.

Nilimwambia pia palipo na upungufu. Kupe bluu, anayeleta kukojoa damu, hukaa kwa ng'ombe mmoja tangu akiwa mdogo kama chembe ya mchanga mpaka anashiba na kuanguka, na jike lake hurithisha vidudu kwenye mayai. Watoto wake hawashikiki kwa vidole. Kwa hao, dawa ya kuogesha haina mbadala.

4 Machi

Slaidi za jana. Ng'ombe mmoja mzima kabisa, anakula na maziwa anatoa, ana vidudu vyenye umbo la vijifimbo vidogo ndani ya chembe nyekundu. Ni Theileria, hapana shaka. Lakini Theileria wako wengi: T. mutans na T. velifera hukaa kwenye damu ya ng'ombe bila kumsumbua, au kwa kumsumbua kidogo tu, na kwa jicho la hadubini huwezi kuapa kuwa hiki ni parva na kile ni mutans. Kuwatenganisha kunahitaji kipimo cha vinasaba.

Hii itakuwa slaidi namba 7. Maelezo yake nimeshaandika: "Ng'ombe huyu alikuwa mzima siku alipotolewa damu."

11 Machi

Magu. Ndama wa miezi mitano, nyuzi joto 41, tezi ya bega la kushoto imevimba. Nimechoma sindano kwenye tezi, nikavuta majimaji kidogo, nikapaka.

Sijawahi kupata slaidi nzuri kama hii. Karibu kila uga wa hadubini una chembe nyeupe kubwa zilizojaa skizonti, yaani Theileria anapokuwa ndani ya chembe nyeupe: kishada cha vidoti vyekundu-zambarau kwenye ute wa buluu. Ndiyo ile "miili ya buluu ya Koch" tuliyokariri chuoni.

Kila nikiitazama nashangaa upya. Theileria akiingia kwenye chembe nyeupe ya kinga haiui. Anaifanya izaliane bila kikomo, mithili ya saratani, naye anajishikiza kwenye nyuzi zilezile ambazo chembe hutumia kugawa kromosomu zake, ili ikigawanyika naye agawanyike, kila mtoto aondoke na fungu lake. Tezi inavimba kwa sababu hiyo. Na inaanza tezi ya chini ya sikio au ya bega kwa sababu ndiyo iliyo jirani na sikio alipokula kupe. Baadaye chembe hizo huvamia mapafu, maji yanajaa, mnyama anazama akiwa nchi kavu. Buparvakuoni ikimuua kidudu, chembe inaacha kuzaliana ovyo.

Mwenye ndama alikopa kwa shemeji yake, dawa ikapatikana siku ileile. Kwa simu ya leo jioni, ndama anasimama.

20 Machi

Ng'ambo ya Sengerema, nimevuka Kigongo–Busisi kwa daraja. Maksai wa kulima, mkojo rangi ya kahawa, ufizi umepauka. Nimechukua damu sehemu mbili: mshipa wa shingo na ncha ya sikio. Ya shingoni, vidudu vichache. Ya sikioni, vingi: Babesia bovis, kidudu cha kukojoa damu, wawiliwawili kama matunda ya pea yaliyoshikana kwenye ncha, wadogo, hawafiki nusu ya upana wa chembe. Zote mbili zinaingia kwenye seti, ziwekwe jirani, ili mtu aone mwenyewe kwa nini tunasisitiza ncha ya sikio au mkia. Amechomwa Berenil, dawa ya Babesia.

Chembe chache za maksai huyohuyo zina Theileria wadogo. Hili lilimchanganya hata Robert Koch, mtafiti maarufu wa vijidudu kutoka Ujerumani. Alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 aliona vidudu vidogo kwenye damu ya ng'ombe akadhani ni watoto wa Babesia. Alikuwa anatazama magonjwa mawili ndani ya mnyama mmoja. Ilibidi ng'ombe waanze kufa kusini mwa Afrika kuanzia 1901, baada ya mifugo kusafirishwa kutoka pwani yetu, ndipo Arnold Theiler na wenzake walipotenganisha, na Charles Lounsbury akathibitisha mwaka 1904 kwamba kupe wa sikioni ndiye mbebaji. Hadi leo kwa Kiingereza ndigana kali inaitwa homa ya pwani ya mashariki. Pwani hiyo ni yetu. Nadhani bwana mifugo wa hapa anastahili kuijua habari hiyo kwa lugha yake, nitaiweka kwenye kijitabu.

26 Machi

Sanduku la majaribio limekwenda Busega na basi la Musoma. Slaidi 15, kijitabu cha kurasa nane.

2 Aprili

Kuburuta kitambaa ili kunasa kupe walio majanini. Kitambaa cheupe cha pamba, mita moja kwa moja, unakivuta juu ya majani kila hatua kumi unageuza na kuhesabu. Tumefanya sehemu mbili Magu: malisho ya wazi ya kijiji, na pembeni mwa ngitili ya mzee mmoja, baada ya kumwomba ruhusa. Ngitili wakati huu imefungwa, majani yamefika kiunoni, yanahifadhiwa kwa ajili ya kiangazi.

Kupe wapevu wa sikioni wamepanda hadi ncha za majani, miguu ya mbele imenyooshwa wakingoja. Ni msimu wao, mvua ndiyo inawatoa. Mzee alitaka kujua kama ngitili ikikaa bila ng'ombe miezi sita kupe watakufa kwa njaa. Nilitamani kumjibu ndiyo. Kupe mpevu anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, na humo ngitilini kuna sungura, digidigi na wengine wa kuwalisha wale wachanga. Nilimshauri aogeshe siku chache kabla ya kufungua, na arudie wiki inayofuata, ng'ombe wenyewe wakawe kitambaa chenye dawa.

15 Aprili

Simu ilipigwa saa kumi na mbili asubuhi kutoka Lamadi, wilayani Busega. Bwana mifugo niliyempelekea sanduku ana mtamba anayeumwa siku ya tatu. Amepaka damu juzi, ametazama, amelinganisha na slaidi zangu zote 15. Damu safi. Akafikiria homa ya mapafu, akaanza dawa ya homa ya mapafu.

Nilifika kabla ya saa tano. Zizi liko upande wa Ndabaka, mahali ambapo Serengeti inakaribia kabisa maji ya Ghuba ya Speke. Mtamba wa kienyeji, mweusi mwenye baka jeupe, nyuzi 41 na nusu, anahema kwa tumbo. Tezi ya bega imevimba kidogo, kiasi kwamba bila kuilinganisha na ya upande wa pili usingeisikia. Nikapaka damu upya. Safi kweli, hakuna kitu.

"Shikamoo mzee. Hawa wanachungwa wapi?"

"Marahaba, daktari. Tangu mvua ianze wanakunywa kule mtoni."

"Mbogo wanafika?"

"Usiku. Asubuhi tunakuta mavi yao."

Nilichoma tezi, nikatia rangi hapohapo kwenye kivuli cha mwembe, nikaanza kutafuta. Ilinichukua karibu saa mbili. Chembe moja. Skizonti mmoja mdogo ndani ya chembe moja, robo ya chini ya slaidi.

Buparvakuoni tulimchoma mchana huo. Nilijua tumechelewa.

18 Aprili

Mtamba amekufa usiku wa kuamkia leo. Tumempasua kwa ruhusa ya mzee. Mapafu mazito, yamejaa maji, koo la hewa limejaa povu jeupe hadi juu.

Mzee alisimama muda wote. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mliniambia damu ni safi. Sasa kimemuua nini?"

Nilimweleza. Nyati anabeba Theileria parva maisha yake yote bila kuugua. Kidudu hiki ni cha nyati tangu kale, ng'ombe wamekuja kukikuta. Kupe aliyekula kwa nyati akimuuma ng'ombe, kidudu kinachoingia hakijazoea mwili wa ng'ombe. Kinaua haraka, tena kikiwa kichache: skizonti wachache kwenye tezi, na kwenye chembe nyekundu mara nyingi hakuna hata kimoja. Afrika Kusini wanauita ugonjwa wa ujia, kwa jina la ukanda uliopo kati ya hifadhi za Hluhluwe na Umfolozi ulikoonekana. Kwa hiyo damu inaweza kuwa safi na mnyama anakufa.

Halafu nikamweleza jambo la pili, lililo gumu zaidi kulisema. Kwenye ukurasa wa tano wa kijitabu nimeandika kwa mkono wangu: "Usipoona kidudu kwenye damu, fikiria ugonjwa mwingine." Bwana mifugo alifuata alichosoma. Siku mbili zilizopotea ni za sentensi yangu. Nilimwomba radhi mzee mbele ya wanawe.

Alinyamaza kitambo. Akasema, "Basi kaiandike upya."

21 Aprili

Ukurasa wa tano nimeufuta wote. Sasa unaanza na maswali kabla ya hadubini: Wiki tatu zilizopita alichungwa wapi? Alikunywa wapi? Nyati wanapita hapo, hata kama ni usiku? Kisha mikono: shika tezi za pande zote mbili, chini ya sikio na begani, linganisha. Kisha sindano ya tezi siku hiyohiyo, pamoja na damu, kwa kila mnyama mwenye homa aliyechungwa jirani na hifadhi. Tezi isipoonyesha kitu na majibu ya maswali ni ndiyo, mfugaji aambiwe ukweli wote na bei ya dawa, aamue akiwa bado ana muda.

Nimeandika pia kuhusu chanjo, maana kila mfugaji ananiuliza. Ndama hudungwa vidudu hai vya ndigana kali pamoja na OTC ya muda mrefu. Anaugua kidogo au haugui, anapona, anabaki na kinga ya miaka mingi. Ina aina tatu za vidudu, na mojawapo asili yake ni nyati wa Serengeti. Hata hivyo vidudu vya nyati vina sura nyingi kuliko hizo tatu, na kinga hiyo huwa dhaifu zaidi pale ng'ombe wanapochangia malisho na nyati. Chanjo yenyewe hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hiyo wafugaji wanapaswa kujikusanya ili ifunguliwe kwa pamoja.

9 Mei

Wanyamapori. Nilipoanza nilidhani hii itakuwa sehemu tamu ya kazi, na kwa kweli nimejifunza mengi, ila slaidi bado sina. Kumlaza nyati kwa dawa ili umtoe damu ni kazi ya madaktari wa wanyamapori, na utafiti wowote wa namna hiyo unapitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Ndivyo inavyotakiwa. Maombi yangu ni ya slaidi tu, kutoka kwa wanyama watakaolazwa kwa sababu nyingine, kama kuondolewa mitego ya waya.

Nafasi tano za mwisho za sanduku zinabaki wazi, na lebo nimeshabandika: nyati, swala pala, pofu, twiga, nzohe. Pofu ana Theileria wake, T. taurotragi, anayeweza kuonekana kwa ng'ombe pia. Swala pala simtegemei aonyeshe parva, ila masikio yake hulisha kupe walewale, na swala haogopi mpaka wa kijiji. Nzohe ndiye ninayemngoja kwa hamu zaidi. Anaishi kwenye mafunjo ya kisiwa cha Rubondo, na nataka kuona damu ya mnyama wa majini kiasi kile ina nini. Pundamilia na kiboko nimewaacha, hawacheui.

Bwana mifugo mmoja aliniuliza kama basi suluhisho si kuwafukuza nyati. Nilimkatalia. Nyati haugui kwa kidudu hiki na wala hafahamu mpaka. Linaloweza kubadilika ni saa ya kunywesha, njia ya kwenda mtoni na siku ya kuogesha.

30 Mei

Sanduku la pili liko tayari, slaidi 35 na nafasi tano wazi. Nimelipeleka Lamadi mwenyewe. Nilipitia kwa mzee. Kijana wake anayechunga amebadilisha njia, wananywesha saa sita mchana kwenye lambo la kijiji. Mtoni hawaendi tena msimu huu.

Tulikaa na bwana mifugo hadi jioni, tukapitia slaidi moja moja. Ya Magu yenye skizonti tele tumeiweka namba 15. Ya mtamba ni namba 16, jirani yake. Lebo nimeiandika kwa wino: tezi ya bega, kushoto, mtamba, Lamadi, 15 Aprili. Upande wa chini wa kioo, robo ya kulia, nimezungushia kiduara ili anayetafuta asichoke kabla hajamwona.